Mkwe Wangu na Kuku Wasiofungwa

Katika ua wa mkwe wangu, kuku walikuwa na haki kunizidi. Wao waliingia chumba chochote walichotaka, mimi nilikuwa na vyumba nisivyoweza hata kuchungulia. Wao wakikosea walisemeshwa kwa upole, mimi nikikosea aliitwa mjomba kutoka Chiungutwa. Niliishi nao miaka mingi pale Lisekese, na mpaka leo nikimwona kuku anaparua udongo uliolowa, mkono wangu unatafuta jiwe.

Huku kwetu mwanamume akioa si ajabu akahamia kwa wakweze. Nami nilihamia. Nilipewa chumba upande wa mashariki na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Udongo wake ulikuwa mweusi kidogo kuliko ule wa mchanga tuliouzoea kwenye mikorosho. Nikaona hapa pana bustani. Nililima mchicha, figiri, bamia na nyanya, na mke wangu akawa anapeleka sokoni Masasi asubuhi. Miezi ile ambayo korosho bado ni maua tu, bustani ndiyo iliyotulisha. Shida yangu ilikuwa moja: kati ya bustani ile na kuku wa mkwe wangu hapakuwa na kitu chochote ila heshima, na heshima kuku hawaijui.

Mimi niliijua. Mkwe si mtu wa kujibizana naye. Ukikutana naye njiani unapisha, unasema "Shikamoo Mama" huku unatazama chini, unangoja marahaba yako, unapita. Akisema jambo, jibu ni "Ndiyo Mama." Ukiwa na la kusema zaidi unamwambia mke wako, naye anajua namna ya kulifikisha, au ya kutolifikisha.

Mkwe wangu alikuwa mrefu, mkavu, mwenye visigino vilivyopasuka na sauti iliyovuka nyua za watu. Akiita kuku wake jioni, hata kuku wa jirani waliinua vichwa. Tetea akishaangua vifaranga, mkwe wangu aliacha kumwita kwa rangi yake, akampa cheo. Palikuwa na Mama Madoa, palikuwa na Mama Kisunzu, palikuwa na mmoja mweusi asiye na mkia aliyeitwa Mama Fundi kwa sababu alijua kufungua mifuko ya pumba kwa mdomo. Julai, upepo wa baridi unaposhuka kutoka uwanda wa juu, alitembea na kifaranga dhaifu kifuani ndani ya kanga, akazungumza na wageni hivyohivyo, na mgeni akasikia "piyo, piyo" zikitoka kwa mama mtu mzima.

Mayai hakula. Kuku wake pia hakuwala. Akichinjwa kuku kwa ajili ya mgeni, yeye alikula ugali na kisamvu, na ukimwuliza alisema tumbo linamsumbua. Tumbo hilo lilimsumbua siku za kuku tu.

Kauli zake zilikuwa chache, na zote zilinielekea mimi. "Kuku si mfungwa" aliisema kila nilipochukua panga kwenda kukata fito za uzio. "Kuku aliyefungwa hamjui mwewe" aliisema uzio ulipokamilika. Na asubuhi mchicha ukikutwa umebaki vijiti, alisimama akautazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mchicha ukiliwa unaota. Kifaranga akiliwa haoti." Ni kweli haoti.

Uzio wangu wa kwanza ulikuwa wa fito na miiba. Kuku walipita chini. Wa pili niliuziba chini kwa makuti ya minazi niliyopewa na rafiki mmoja. Walipita juu. Niliwapunguza manyoya ya bawa moja, kama nilivyoelekezwa, na siku hiyo mke wangu alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake ameacha kula. Wa tatu ulikuwa mzuri, hata mimi niliusifu. Mkwe wangu alipita akaupiga kofi, ukatikisika kidogo, akaridhika. Siku iliyofuata nilimkuta amefungua kilango chake na kukishikiza kwa jiwe, kwa sababu Mama Kisunzu alikuwa na vifaranga, na pale kwenye bamia palikuwa na kivuli.

Sasa usifikiri hakuipenda bustani. Hapo ndipo aliponichosha. Alfajiri, kabla sijatoka chumbani, alikuwa ameshapita matuta yote ameinama, anatoa viwavi mmojammoja kwa vidole. Vidukari aliwajua kabla jani halijajikunja. Alichemsha majani ya mwarobaini, akaponda majani ya utupa, akachanganya na sabuni ya kufulia, akanyunyiza kwa ufagio wa njukuti, na nyanya zangu zilipona mwaka ambao za jirani zote zilikauka. Majivu ya jikoni hayakumwagwa ovyo, yalikwenda kwenye mashina. Hakuna aliyemwomba, wala hakungoja ahsante.

Lakini wale viwavi aliowatoa aliwafanyaje? Aliwaweka kwenye kifuu, akasimama kwenye kilango cha bustani, akawaita kuku wake, akawamwagia palepale. Kila siku, saa ileile, mlango uleule. Kuku si wajinga. Walijifunza kwamba utamu unatoka kule ndani, na siku alipochelewa waliingia kuutafuta wenyewe.

"Mwambie Mama awape viwavi mbali na bustani," nilimwambia mke wangu.

Mke wangu alikwenda, akarudi. "Anasema wewe ukitaka kula unapelekwa jikoni au unaletewa?"

Kwa mwewe alikuwa mtu mwingine. Aliona kivuli kikipita ardhini kabla sisi hatujainua macho. Alinyakua ungo na mwiko, akatoka akipiga, kanga mkononi, akimtukana ndege kwa Kimakua matusi ambayo mke wangu alikataa kunitafsiria. Siku moja alikuwa katikati ya swala ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa dini kwelikweli, hakuwahi kuona mchezo katika ibada. Mama Madoa alipiga kelele ya hatari huko nje, na mkwe wangu akaondoka kwenye mswala mbio. Alimfukuza mwewe mpaka akaachia kifaranga. Akarudi, akatawadha upya, akaanza upya.

Baadaye mke wangu alimwuliza kama hilo linafaa.

"Mungu alimwona mwewe kabla yangu," alisema. "Anajua nilitoka kwa ajili gani."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kisima na ndoo mkononi. Nilikuwa natazama njia aliyopita wakati wa kumfukuza mwewe. Ilikuwa imekatisha nyanya zote, tangu mwanzo wa tuta hadi mwisho, na miti ya kushikizia ilikuwa imelala.

Nguchiro walishuka kwa makundi kutoka kwenye mawe ya kilimani, mchana kweupe, wakiparua kama watu wenye hati ya shamba. Waliiba mayai, waliiba vifaranga, na niliomba ruhusa, kupitia kwa mke wangu, nitege mtego. Jibu lilirudi haraka: "Mwambie Baba Somoe nguchiro anakula nyoka. Akiwamaliza, aje alale yeye mlangoni awangoje." Somoe ni binti yetu wa kwanza, na kwa jina hilo mkwe wangu alinituma, alinikanya na alinishukuru, kwa sauti ileile moja. Sikutega. Nguchiro wakaendelea kula mayai, na nyoka naye akaja vilevile, swila mzima, akakutwa ndani ya tenga akiwa amevimba mayai. Nilimwua mimi. Mkwe wangu alisema, "Unaona? Nguchiro wamepungua."

Baada ya kiangazi cha mwaka mmoja mgumu niliamua kujenga banda. Nilijiambia kwamba kama kuku watakuwa na mahali pao pazuri, ugomvi utakwisha wenyewe bila mtu kusema neno. Nililiinua juu ya nguzo, kila nguzo nikaizungushia kipande cha bati ili mnyama asipande. Sakafu nilipanga mianzi, kuta nikaweka wavu wa chuma, juu makuti, na mlango wenye komeo. Ndani niliweka vichanja vya kulalia na viota vya nyasi. Watu waliopita njiani walisimama kulitazama. Jirani mmoja alisema angelihamia yeye na mkewe.

Mkwe wangu alilizunguka taratibu. Aliingiza mkono kwenye kiota. Akasema, "Zuri."

Nilifurahi siku ile, nakiri. Kesho yake nilikuta ameingiza kuni, na juu ya kuni mahindi yake ya mbegu katika maganda, na juu ya mahindi mkungu wa ndizi. "Lina hewa nzuri," alimwambia mke wangu. "Mbegu hazitaoza." Kuku waliendelea kulala jikoni, kile kibanda cha udongo upande wa pili, wengine chini ya matenga, wengine juu ya boriti.

Nilikwenda kwa mke wangu chumbani nikasema yote yaliyokuwa moyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndiye mama yangu, unataka nimfanyeje?" Naye alikuwa na haki. Kila siku alibeba maneno yangu kwenda na maneno ya mama yake kurudi, kama mtu achotaye maji kwa ndoo iliyotoboka, na hakuna aliyemshukuru.

Masika yalipokuja, ukuta wa jikoni ulilainika chini. Kicheche alichimba akaingia. Asubuhi tulipofungua, manyoya yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mafiga. Kicheche hali kuku mmoja akashiba akaenda zake. Anang'ata huyu shingo, anamwacha, anamrukia yule. Mama Madoa alikuwa amekufa juu ya tenga alilolilinda, na vifaranga wake walikuwa hai chini yake, wanalia.

Mkwe wangu aliwatoa mmojammoja, akawapanga juu ya gunia nje. Hakulia. Mke wangu ndiye aliyelia. Mimi nilitoka na kusimama upande wa pili wa gunia. Banda langu lilikuwa nyuma yake, kavu, nguzo zake zimevaa bati, komeo limefungwa vizuri juu ya mahindi. Nilikuwa na maneno mawili tu mdomoni: banda lipo. Aliinua uso akanitazama, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi.

"Pole Mama," nilisema.

"Ahsante," alisema. Akachukua jembe, akachimba shimo mwenyewe, akakataa nimsaidie. Kisha akaziba tundu la kicheche kwa jiwe kubwa. Usiku huo kuku waliobaki walilala jikoni.

"Kwa nini?" nilimwuliza mke wangu.

"Anasema banda lina mbegu."

Sikusema na mkwe wangu kwa siku kadhaa zaidi ya shikamoo, na sijui kama alitambua, maana hata siku za kawaida hatukusemezana zaidi ya hapo.

Kisa cha kuitwa mjomba kilitokea mwaka uliofuata. Nilikuwa nimehamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni jioni, nikamwagilia, nikalala na mgongo unaouma. Asubuhi Mama Fundi alikuwa katikati ya tuta anaoga vumbi, na miche imetapakaa pande zote na mizizi juu. Nilimkamata. Sikumpiga. Nilimfunga mguu kwa kamba ya katani kwenye shina la mkorosho, kivulini, nikamwekea maji. Mkwe wangu alipomkuta, alitazama fundo lile, akaingia ndani, na mchana mjomba alishuka kwenye bodaboda akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa.

Kikao kilikaa barazani. Mjomba ni kaka wa mkwe wangu, na katika ukoo ule neno lake ndilo la mwisho. Alikuwa mtu mwema, mzito, mwenye kusinzia.

"Nani alimfunga kuku?" aliuliza.

"Ni mimi, Mjomba."

"Kwa kosa gani?"

"Ameng'oa miche."

"Dada, kuku wako ameng'oa miche?"

"Alikuwa anaoga," alisema mkwe wangu kutoka ndani, nyuma ya pazia. "Mtu akioga anamwaga maji. Kuku akioga anamwaga mchanga."

Mjomba alitikisa kichwa kwa muda. Ikaletwa sinia ya chakula ili afikiri vizuri, na juu ya wali alikuwa kuku, jogoo mdogo aliyechinjwa kwa heshima yake. Alikula paja, akala kidari, akanawa. Hukumu yake ilikuwa hii: mimi nijenge uzio imara, uzio uwe na mlango, na mlango uwe wazi mchana ili kuku wasijione wamekatazwa.

"Tumeelewana?" aliuliza.

"Ndiyo Mjomba," nilisema.

"Mkaza mjomba anafahamu," alinong'ona mke wangu baadaye, akimtaja mke wa mjomba, "kule kwao kuku wote wanafungwa." Tulicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule, lakini kicheko hakikupanda nyanya.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini sikuhama. Nilifikiria. Nilikwisha hata kuulizia kiwanja upande wa Chidya. Kilichonizuia ni siku ambayo uchungu wa mtoto wetu wa pili ulikuwa mbaya, mkunga akasema mke wangu apelekwe hospitali upesi, nami sikuwa na kitu, kwa sababu korosho zilikuwa bado na bustani ilikuwa vijiti. Mkwe wangu alitoka na matenga mawili ya kuku, kichwani na mkononi, akaenda barabarani. Alirudi na gari, kuku wote amewauza isipokuwa yule aliyebaki nyumbani anaatamia. Mke wangu alirudi hai na mtoto. Hakuna siku aliyonikumbusha. Ningependa angenikumbusha, ningeweza kumchukia kidogo.

Magoti yalipomshinda kabisa, binti yake mdogo alimchukua akaishi naye Newala. Alikataa mara kadhaa, kisha akakubali akiwa amekasirika. Mke wangu aligawa kuku kwa majirani. Nikafunga kilango cha bustani, na kikabaki kimefungwa. Nyanya ziliiva, mchicha ulipata majani mapana kama viganja. Sitasema uongo kwamba nilihuzunika.

Mwaka jana tulipanda kwenda kumwona. Newala ilikuwa na ukungu, baridi inapenya sweta. Tulimkuta barazani, amejikunja juu ya mkeka, amekuwa mdogo, macho yana utando. Mbele ya nyumba ulisimama mpapai wenye matunda yanayoanza kugeuka njano.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Baba Somoe. Chukua hizi, unitundikie."

Alinipa sidii za zamani za muziki, zimetobolewa na kuunganishwa kwa uzi. Alieleza kwamba popo wanamaliza mapapai, na kwamba jirani ametundika sidii kwenye mtama wake, zikawaka juani, na ndege hawagusi.

Sijui kilichonipata. Labda safari, labda ile baridi.

"Mama, hizi hazitasaidia."

Shemeji yangu, yule binti mdogo, aliyekuwa anachambua mchele, alisimamisha mikono.

"Umesemaje?" aliuliza mkwe wangu.

"Popo anakuja usiku. Sidii inang'aa kwa jua. Tuvalishe mapapai viroba."

"Kuna mwezi."

"Mwezi gani, Mama, katika ukungu huu?"

Midomo yake ilitafuna kitu kisichokuwepo. Kisha akasema, "Kumbe unao ulimi."

"Ninao, Mama."

"Miaka yote ulikuwa umeuweka wapi? Mimi nasema, wewe unajibu 'Ndiyo Mama', kisha unaingia chumbani kulalamika kwa mwanangu. Ukuta ule ni wa udongo. Nilikuwa nasikia." Alinyoosha goti kwa mikono miwili. "Siku ya kicheche nilikutazama nikingoja useme. Ungelisema, ningewaingiza bandani siku ileile. Hukusema. Nikajua hata aliyelijenga hana imani nalo."

Nilikasirika. Nilikasirika kuliko siku ya miche, kuliko siku ya mbegu. Nilifikiria tuta moja baada ya jingine, uzio baada ya uzio, na maneno yote niliyoyameza nikidhani ndiyo adabu, na huyu mama akikaa upande wa pili wa ukuta akiyasikia moja moja. Ningependa kusema nilimwelewa. Nilichukua sidii zake, nikaomba ngazi, nikazitundika huku tunabishana kwa kila moja, yeye akielekeza kwa fimbo ingawa haoni vizuri, mimi nikimwambia kila mara kwamba ni kazi bure.

Asubuhi papai lililokuwa limeiva zaidi lilikuwa limeliwa upande mmoja mpaka ndani, na mbegu zake nyeusi zimemwagika barazani. Shemeji alimwelezea, maana yeye hakuziona.

"Amezitundika upande mbaya," alisema mkwe wangu.

"Hapana, Mama," nilisema. "Nilizitundika pale uliposema. Umekosea."

Mke wangu aliweka kikombe cha chai chini, taratibu. Mkwe wangu aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Kisha alisogea kando, akapangusa mkeka kwa kiganja mpaka pakawa pasafi.

"Haya, kaa hapa," alisema. "Nieleze nimekosea wapi."